Mbaraka Mwinshehe, Mfanyakazi wa Barabarani

Umaarufu wa mwimbaji haupimwi mjini. Mjini mna taa, mna kumbi, na mna watu wengi wanaotafuta mahali pa kumalizia usiku wa Jumamosi. Huko hata mwimbaji hafifu hupata wa kumsikiliza. Mwenye kutaka kujua jina la mwimbaji limefika wapi, na ashike njia ya Korogwe mpaka Mombo, aupande mlima mpaka Soni, hapo aiache barabara ya Lushoto aelekee Bumbuli, kisha aendelee mpaka Mgwashi. Huko katika milima ya Usambara, ambako mvua ikinyesha njia huwa utelezi na lori lenye mzigo husubiri jua, jina likijulikana ni kwamba limekwisha kujulikana Tanzania nzima. Jina la Mbaraka Mwinshehe Mwaruka lilipanda mpaka huko. Lilipanda kwa redio za betri, na kwa sahani za santuri zilizofungwa katika mizigo ya vijana waliokuwa wakirudi nyumbani kutoka mashamba ya mkonge ya chini, pande za Mombo, Mazinde na Korogwe.

Leo twataka kulieleza jambo ambalo redio haikuweza kulieleza, nalo ni gharama ya sauti ile. Wengi humkumbuka Mbaraka kwa gitaa lake na kwa nyimbo zake. Wachache humkumbuka kuwa alikuwa mfanyakazi. Sisi twasema alikuwa mfanyakazi, tena wa kazi ngumu, na mahali pake pa kazi palikuwa barabarani. Barabara ndiyo iliyompa mkate wake na jina lake, na barabara ndiyo iliyomwua.

Mbaraka alizaliwa tarehe 27 Juni, 1944. Mwaka huohuo ndio ilipoanzishwa katika mji wa Morogoro bendi iitwayo Morogoro Jazz, ambayo baadaye ilikuja kumlea na kulelewa naye. Mji ule wafaa kuelezwa kidogo, maana asiyeujua hatafahamu kwa nini ulitoa wanamuziki wengi kupita ukubwa wake. Morogoro ipo kwenye njia panda. Reli ya Kati yapita hapo. Barabara ya Dar es Salaam yaingilia upande mmoja, na upande wa pili zatoka njia za kwenda Dodoma na Iringa. Pande zote palikuwa na mashamba ya mkonge, na baadaye viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa. Palipo na mashamba na viwanda pana mshahara wa mwisho wa mwezi, na palipo na mshahara wa mwisho wa mwezi dansi haliwi mbali.

Kijana Mbaraka alikulia katika mji uliogawanyika sehemu mbili kwa ajili ya muziki, kama miji mingine inavyogawanyika kwa ajili ya mpira. Upande mmoja palikuwa na Morogoro Jazz, na upande wa pili palikuwa na Salum Abdallah na Cuban Marimba yake. Salum Abdallah alianzisha bendi mwaka 1948 kwa kuvutwa na sahani za muziki wa Kuba zilizokuwa zikiingia nchini, naye akaufanya muziki ule ukazungumza Kiswahili safi hata watu wakasahau ulikotoka. Mtoto wa Morogoro wa siku zile hakuhitaji chuo cha muziki. Kutembea mitaani jioni kulitosha. Mbaraka alianza na filimbi, kisha akashika gitaa, na gitaa likamshika.

Mwaka 1965 yalitokea mambo matatu ambayo sisi twayaona yamefungamana. Mwezi wa Julai shirika la utangazaji lilichukuliwa na Serikali na kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, sauti iliyosikika karibu kila pembe ya nchi. Mwaka huohuo Mbaraka, kijana wa miaka 21, aliacha masomo yake ya sekondari kabla hayajakwisha akajiunga na Morogoro Jazz. Na mwezi wa Novemba Salum Abdallah alikufa kwa ajali ya gari. Cuban Marimba ilishikwa na Juma Kilaza ikaendelea kwa miaka mingi, lakini mji ulikuwa umeonywa. Mwimbaji wake mkubwa wa kwanza alikuwa amechukuliwa na gari wakati kijana atakayekuwa mkubwa wa pili akipakia vyombo vyake vya kwanza kwenye gari jingine.

Yafaa hapa tuieleze kazi yenyewe, kwa maana wengi waliokuwa wakicheza dansi hawakupata kuona vilivyokuwa nyuma yake. Bendi ya nyakati zile haikuweza kuishi kwa mji mmoja. Watu wa Morogoro walikuwa na hamu, lakini fedha zao zilikuwa na mwisho, na mtu hawezi kulipa kiingilio kila juma kusikia nyimbo zilezile. Kwa hiyo bendi ilifuata mishahara. Mwisho wa mwezi ilikuwa kwenye mashamba ya mkonge au ya miwa. Msimu wa pamba ulipofunguliwa ilikwenda Mwanza na Shinyanga. Kahawa ilipouzwa ilielekea Moshi na Bukoba. Kalenda ya mwanamuziki ilikuwa kalenda ya mkulima na ya mfanyakazi. Hapo ndipo tunapoona jinsi watu hawa walivyokuwa wamoja kuliko walivyodhani: mvua ikikosa kunyesha Shinyanga, mpiga tarumbeta wa Morogoro alilala na njaa.

Mtu mmoja alitangulizwa kubandika matangazo ukutani na kukodi ukumbi wa jamii, ambao wengi waliuita welfea. Bendi ilifuata kwa lori au kwa basi, vyombo vikiwa chini na watu wakiwa juu yake: magitaa, ngoma, tarumbeta, vikuza sauti, na mahali pasipo umeme jenereta na debe la mafuta. Wakiwasili, gari lenye kipaza sauti lilizunguka mitaani mchana kutwa. Saa mbili au saa tatu za usiku dansi lilianza, nalo liliendelea mpaka usiku wa manane, na mara nyingi mpaka alfajiri. Kisha wale wale waliopiga usiku kucha walifungua nyaya, wakavibeba vyombo mabegani, wakavipakia, wakaanza safari ya mji mwingine kabla jua halijakuwa kali. Dereva naye alikuwa hakulala. Hilo la dereva twaomba lishikwe.

Fedha ya mlangoni ndiyo iliyolipa yote: ukumbi, petroli, chakula, nyumba ya wageni, nyuzi za gitaa zilizokatika. Kilichobaki kiligawanywa, na sehemu nono ilikwenda kwa mwenye vyombo, maana siku zile mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Mwanamuziki hakuwa na cha kwake ila koo lake na vidole vyake. Usiku ambao mvua ilikata watu, haikuwa ajabu vyombo kushikwa na mwenye nyumba ya wageni mpaka deni lilipwe, na wanamuziki kukaa siku kadhaa katika mji wa ugenini wakimsubiri mtu alete nauli kutoka nyumbani. Kisha baba mwenye nyumba anamwona mtu huyo amechoka, nguo zimekunjamana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, anamwita mhuni na kumkataza binti yake asimsalimu. Sisi hatuna haja ya kuwatakasa wanamuziki wote; wapo walioharibikiwa na ulevi, kama walivyo makarani na mafundi walioharibikiwa na ulevi. Lakini uhuni hauwezi kumwamsha mtu alfajiri apakie jenereta.

Katika kazi hiyo Mbaraka alipanda upesi. Gitaa lake la solo lilikuwa na sauti ambayo watu waliitambua kabla mwimbaji hajafungua kinywa, na mashairi yake yaliwekwa katika Kiswahili ambacho mtu wa Mgwashi, mwenye Kishambaa chake nyumbani, alikielewa sawa na mtu wa Kilwa. Si jambo dogo hilo. Katika miaka iliyofuata Uhuru, wakati taifa lilipokuwa likijifunza kusema kwa lugha moja, magari ya bendi yalifanya kazi ambayo shule peke yake zisingeiweza. Mwalimu Nyerere alikuwa ameunda Wizara ya Utamaduni mwaka 1962 kwa kutaka watu warudishiwe heshima ya mambo yao wenyewe. Wanamuziki wa dansi hawakuwa na ofisi katika wizara hiyo, walakini waliichukua kazi yake wakaipeleka vijijini kwa kiingilio cha shilingi chache.

Radio Tanzania nayo ilikuwa chombo cha ajabu kwa watu hawa, chenye neema na kasoro. Bendi ilikwenda Dar es Salaam, ikaingia studio ya Barabara ya Pugu, ikarekodi nyimbo zake mpya. Nyimbo zilipigwa katika vipindi vya muziki na vya salamu, na katika muda wa majuma machache watu wa mikoa yote walikuwa wakiziimba. Hiyo ndiyo neema. Kasoro ni kwamba redio haikuwa ikiuza sahani, na wimbo uliopendwa nchi nzima haukumletea mtunzi wake fedha ya kutosha kununua gitaa. Tunda lake lilipatikana kwa njia moja tu: watu walioupenda wimbo walikubali kulipa mlangoni bendi ilipofika kwao. Kwa hiyo redio haikumpumzisha mwanamuziki na safari, ilimwongezea. Kila wimbo uliotangazwa ulikuwa ni ahadi kwamba siku moja atakuja mwenyewe.

Mwaka 1970 safari ilivuka bahari. Morogoro Jazz ilichaguliwa kwenda Japani kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika katika mji wa Osaka, na Mbaraka aliporudi alitunga wimbo juu ya safari hiyo, akauita Expo 70. Hebu tufikiri: vijana waliozoea lori la Kilosa na Ifakara wanaiwakilisha nchi yenye umri wa miaka isiyofika kumi ya kujitawala mbele ya mataifa yenye viwanda. Hawakupelekwa kwa sababu ya vyeti, kwa kuwa hawakuwa navyo. Walipelekwa kwa sababu barabara za Tanzania zilikuwa zimewafundisha kumpendeza mtu asiyewajua.

Tena walikuwa wachukua habari. Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Kleruu, alipouawa siku ya Krismasi ya mwaka 1971, Mbaraka alitunga wimbo wa kumwomboleza. Watu wengi wasioweza kusoma gazeti walilipokea jambo lile zito kupitia wimbo. Kazi hiyo ya kuhuzunika pamoja na taifa hakuna aliyemwajiri aifanye.

Mwaka 1973 Mbaraka aliondoka Morogoro Jazz akaanzisha bendi yake, Super Volcano, iliyojulikana kwa mtindo wa Masika. Wako waliomlaumu wakasema amekivunja chombo kilichomlea. Sisi hatumlaumu, ila twataka wasomaji waipime hali ya wakati ule. Kwa wanamuziki palikuwa na njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa imefunguliwa na wafanyakazi wenyewe: mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda NUTA Jazz, na wanamuziki wake wakawa waajiriwa wenye mshahara. Jambo hilo lilikuwa jipya kabisa. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kikafuata kwa kuunda Urafiki Jazz mwaka 1970, na mwaka 1971 Umoja wa Vijana wa TANU ukaunda Vijana Jazz. Mwanamuziki wa bendi hizo, mvua ikinyesha au isinyeshe, mwisho wa mwezi alijua atakula nini. Vyombo vikiharibika, chama au kiwanda kilivitengeneza. Njia ya pili ilikuwa ile ya zamani, ya kutegemea mlango.

Mbaraka alichagua mlango, lakini safari hii ukiwa mlango wake mwenyewe. Twaona alikuwa na sababu. Mwenye mshahara hupiga anapotakiwa kupiga. Mwenye bendi yake hupiga anapotaka, na hutunga bila kuuliza. Nyimbo zake za miaka ile ya Super Volcano zina ujasiri wa mtu asiyemwogopa msimamizi. Ila uhuru huo ulikuwa na bei, nayo ililipwa kwa maili. Mwenye bendi hana mtu mwingine wa kumtuma. Vyombo ni juu yake, mishahara ya wenzake ni juu yake, petroli ni juu yake. Asiposafiri, watu kumi na zaidi hawali. Twathubutu kusema kwamba barabara ilimwajiri kwa masharti magumu kuliko yale ambayo mwenye vyombo yeyote angethubutu kuyaandika.

Zaidi ya hayo, palikuwa na jambo la sahani. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatulia sahani za santuri. Viwanda vilikuwa Nairobi, na makampuni yaliyouza muziki wa Afrika ya Mashariki yalikuwa Nairobi. Mwanamuziki wa Tanzania aliyetaka wimbo wake ununulike dukani, hata duka la Tanga au la Lushoto, hakuwa na budi kuvuka mpaka. Huko ndiko ulikotoka Shida, wimbo wa Mbaraka unaozungumzia dhiki ya mwanadamu, uliouzwa sana katika nchi zetu zote mbili na kumfanya awe mwimbaji wa Wakenya kama alivyokuwa wa Watanzania. Lakini mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika, na mpaka kati ya Tanzania na Kenya ukafungwa. Haukufunguliwa tena mpaka mwaka 1983. Viwanda vya sahani vikawa upande mmoja, na waimbaji upande mwingine. Wakubwa walipokuwa wakigawana ndege na mabehewa ya reli, hatukusikia mtu akiuliza nyimbo zitagawanywa vipi.

Mwanzoni mwa mwaka 1979 nchi yetu ilikuwa vitani. Majeshi ya Idi Amin yalikuwa yameingia Kagera mwezi wa Oktoba 1978, na masikio ya Watanzania yalikuwa kwenye redio kwa ajili ya habari za huko. Katika siku hizo za Januari 1979, Mbaraka Mwinshehe alipatwa na ajali ya gari mjini Mombasa akafa. Alikuwa na umri wa miaka 34. Miaka 14 ilikuwa imepita tangu alipojiunga na bendi katika mwaka ule ule ambao gari lilimwua Salum Abdallah. Morogoro ilikuwa imepoteza waimbaji wake wawili wakubwa kabisa kwa njia moja.

Wako watu husema hiyo ni ajali tu na kudura ya Mungu. Kudura hatubishani nayo. Lakini mfanyakazi wa kiwandani akikatwa mkono na mashine, hatusemi kudura tukanyamaza. Twauliza mashine ilikuwa na kinga gani, na mtu yule alikuwa amefanya kazi saa ngapi. Kwa mwanamuziki hatukuuliza. Usiku wake ulikuwa kazi na mchana wake ulikuwa safari, gari lake lilikuwa lile ambalo kiingilio cha jana kiliweza kulilipia, na dereva wake alikuwa mtu aliyesubiri nje ya ukumbi mpaka alfajiri. Hatusemi hayo ndiyo yaliyotokea Mombasa siku ile. Twasema hayo ndiyo yaliyokuwa maisha ya kila siku ya bendi, na katika maisha ya namna hiyo kifo cha njiani hakiwi kitu cha kushangaza.

Sheria ya Hakimiliki ilikuwapo tangu mwaka 1966, ila mtunzi wa nyimbo aliyeishi juu ya lori hakuwa na wakili wala ofisi ya kumdai mtu. Sheria mpya ilipitishwa mwaka 1999, miaka 20 baada ya Mbaraka kuzikwa, nayo ndiyo iliyoweka chombo cha kukusanya haki za watunzi. Kati ya miaka hiyo nyimbo zake zilipigwa katika mabaa, katika mabasi, katika harusi na katika redio za nchi kadhaa. Kampuni iliyokuwa na kanda zake Nairobi ilizikusanya nyimbo zake katika mfululizo wa sahani ikauita Ukumbusho, sahani moja baada ya nyingine, na wanunuzi walipatikana. Sauti iliendelea kusafiri pasipo kuhitaji petroli.

Upande wetu, zile nyimbo alizorekodi Barabara ya Pugu zilibaki katika ghala la kanda la Radio Tanzania, pamoja na maelfu ya nyingine za bendi za Tabora, Tanga, Morogoro na Dar es Salaam. Hazina hiyo ilirithiwa na Shirika la Utangazaji Tanzania. Kanda ya sumaku si jiwe. Joto na unyevunyevu wa pwani huila kidogo kidogo, na kila mwaka unaopita bila kanda hizo kunakiliwa kwa njia za kisasa ni mwaka unaopunguza kitu. Barabara ya Pugu yenyewe siku hizi huitwa Barabara ya Nyerere.